Pikapu ya Hajji Twaibu na Barabara ya Bwera

Vijana wangu, kila mkija kunisalimu hapa Rukoki mnanionyesha picha za pikapu zilizonyanyuliwa mpaka mbwa anapita chini yake bila kuinamisha masikio. Mnaniuliza, "Babu Bwambale, wewe ulikuwa fundi. Hii inafaa kwa kazi za kila siku?" Nami kila mara nawajibu kwamba inategemea, kisha nauliza habari za mahindi. Leo nitawajibu sawasawa. Lakini yule aliyeegesha pikipiki yake pale mtelemkoni akaiwekee jiwe kwanza, kwa maana sitaweza kusimulia huku jicho moja liko kwake.

Ndivyo nilivyo. Wenzangu walizaliwa na sauti nzuri au miguu ya mpira, mimi nilizaliwa na wasiwasi. Nilipokuwa nafunga nati za magurudumu, nilizifunga, nikaenda kunawa mikono, nikarudi kuzigusa, na mwenye gari alipowasha injini nikamwomba azime nizitazame tena. Gereji nzima ilinicheka. Hata hivyo hakuna gurudumu nililofunga mimi lililowahi kumpita dereva wake barabarani, na wale waliokuwa wakinicheka siwezi kuwasemea hivyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ramadhani, Mnubi aliyetengeneza malori ya Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Wazungu, akarudi na goti bovu na Kiswahili cha amri. Alifungua gereji Kasese miaka ile ya hamsini, mji ulipokuwa unaota kama uyoga kwa sababu ya reli na shaba ya Kilembe. Jina langu hakulitumia hata siku moja. Niliitwa kuruta, na nilijibu "Ndiyo, afande," ingawa jeshi nililiona kwa mbali tu.

Siku moja aliniuliza, "Kuruta! Gari inasimama na nini?"

"Na magurudumu, afande."

"Mupumbavu! Gari inasimama na uzito. Leta debe."

Akalijaza maji, akanitwisha kichwani, akaniamuru nitembee juu ya ukingo wa mtaro ulioinama upande mmoja. Hatua chache tu nikawa nimelowa mpaka miguuni. Kisha akanipa debe lile lile nilishike mkononi, chini, karibu na goti, nipite pale pale. Nikapita. Wanawake waliokuwa wakielekea sokoni walisimama kunitazama, maana wao debe hilo hulitwika na kugombana na mtu njiani bila kumwaga tone. Mzee Ramadhani aliwanyooshea kidole akasema, "Hawa iko na shingo. Gari hapana na shingo." Mafunzo yake yote yalikuwa hivyo. Hakuwa mtu wa kueleza, alikuwa mtu wa kukulowesha.

Sasa nimlete Hajji Twaibu. Alikuwa msafirishaji wa Bwera, mtu mpole, mcheshi, mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi hata wakati wa kiangazi. Pikapu yake ya kijani ndiyo iliyokuwa gari la watu wote wa upande ule. Ilibeba pamba na kahawa, chumvi ya Katwe, samaki, mbuzi wa Idi, bibi harusi na maiti. Kila mtu wa Bwera alikuwa na siku yake ndani ya pikapu ile, ya furaha au ya majonzi.

Barabara ya kutoka Bwera kuja Kasese ilikuwa na mgongo wa udongo katikati, kati ya njia za magurudumu. Mvua ikinyesha, njia zinazama, mgongo unabaki, na gari linakaa juu yake kwa tumbo huku magurudumu yanachezea matope. Hajji alikwama mara nyingi hata wakulima wa kando ya barabara wakawa wanamwita kwa jina na kumletea chai. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni siku aliyozimika katikati ya mto Nyamugasani, maji yakiwa yameingia kwenye injini, na gari moja la shambani lililokaa juu, kutoka Kongo, likampita pale pale likamrushia maji usoni. Wiki ile Hajji akavuka mpaka na pikapu yake, na aliporudi ilikuwa juu.

Alituletea gereji tuione. Mzee Ramadhani aliizunguka mikono ikiwa nyuma, hakuigusa.

"Hajji, nani alifanya hii?"

"Fundi wa ng'ambo, ssebo, bwana! Anajua kazi. Ona, sasa Nyamugasani itanifanya nini?"

"Nyamugasani hapana fanya kitu. Kona ndiyo itafanya."

Fundi wa ng'ambo alikuwa amechonga vipande vya mti mgumu akavipachika kati ya ekseli na springi, mbele na nyuma, halafu akaongeza majani ya springi mpaka zikawa ngumu kama ubao wa mlango. Vijana, springi ni majani ya chuma yaliyolaliana ili yapinde na kunyooka. Ukiyazidisha hayapindi tena, na gari tupu linaruka ruka kama mbuzi. Na kipande cha mti chini ya springi za mbele usikiweke kamwe, hata ukitishwa kwa bunduki, kwa sababu breki ikikamata, ekseli ya mbele inataka kujizungusha na kile kipande kinataka kutoka.

Hajji hakutaka kusikia habari ya kuishusha. Basi sisi tukabaki kutibu homa bila kugusa ugonjwa. Paipu za breki zilikuwa zimevutika kama kamba ya mbuzi anayetaka kutoroka, tukaweka ndefu zaidi. Taa za mbele zilikuwa zinamulika vilele vya miti, tukaziinamisha. Ile shafti inayopeleka nguvu nyuma ilikuwa imekaa kwa pembe mbaya, ikawa inaunguruma, tukapunguza muungurumo lakini haukuisha.

Mengine hayakuwa ya fundi. Akina mama wa pamba walifika na mizigo kichwani, wakakuta sakafu ya pikapu iko usawa wa mabega yao, wakaanza kumtupia Hajji maneno badala ya mizigo. Akafunga kigoda kwa kamba nyuma ya gari ili watu wapandie. Bibi mmoja anayeheshimika sana, mzito wa mwili, alikanyaga kigoda, kikavunjika, akakataa kuinuka chini mpaka Hajji amwombe radhi mbele ya soko zima. Mbuzi waliruka wenyewe kushuka wakaumia. Na siku za mazishi, wenye jeneza walilazimika kulinyanyua kutoka mikononi mpaka mabegani ndipo liingie, huku mashehe wakigeuza nyuso. Hayo ndiyo mambo ya kila siku mnayoniulizia. Gari halivuki mto kila siku, lakini kila siku kuna mtu anapanda gari.

Yote hayo ningeyacheka tu kama si Biira.

Biira ni mke wangu, na wakati huo alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake, huko milimani juu ya Bwera, kama wasichana wengi walivyopenda. Mimi nilibaki Kasese nikifunga nati na kuzifungua. Hajji aliposema anataka fundi mmoja aende naye Bwera asikilize ule muungurumo wa shafti njiani, niliruka kabla Mzee Ramadhani hajafumbua mdomo. Nilitaka kumwona mke wangu. Muungurumo nilishausikia vya kutosha.

Tulifika Bwera asubuhi, siku ya pili ya mvua kubwa. Kabla Hajji hajazima injini nikaona watu wanashuka kilimani kwa mwendo wa haraka, wamebeba kipoi mabegani. Kipoi ni machela ya miti na kamba. Kule milimani mgonjwa habebwi na ndugu zake peke yao. Wanaume wa kilima kizima wanapokezana mabega, na ukiona kipoi kinakimbia unajua mambo si mazuri. Aliyekuwa mbele nikamtambua. Alikuwa Baluku, kaka mkubwa wa Biira.

"Shemeji," aliniambia, bila salamu. "Tangu jana uchungu inakuja, mutoto hashuki. Mukunga amesema Kilembe."

Niliogopa. Sitafuti neno lingine. Nilikwenda kando ya kipoi nikamwona Biira amefumba macho, jasho limemlowesha, mdomo umekauka. Alifumbua jicho moja, akaniona, akalifumba tena. Kilembe ndiko kulikokuwa na hospitali, na kati yetu na Kilembe kulikuwa na ile barabara, ule mto, na gari moja tu. Nililigeukia lile gari la kijani lililonyanyuliwa.

Nataka nimtendee Hajji haki. Hakuuliza lolote. Alifungua mlango wa nyuma na kuwaita wabebaji waje. Na hapo, vijana, nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Sakafu ya pikapu ilikuwa karibu sana na usawa wa mabega yao. Walikisogeza kipoi kikaingia bila kuteremshwa, bila kuinamishwa, Biira hakutikisika hata kidogo.

"Banange, mnaona?" Hajji alisema, akinitazama mimi. "Ndiyo maana niliinyanyua!"

Lakini wabebaji nao walipanda wote, kwa zamu, wengine wakiwa bado wamekishika kipoi, wakakiinua mabegani, wakasimama ndani ya pikapu wakiwa wima. Nikapiga kelele.

"Baluku! Kiwekeni chini! Kaeni!"

"Mugonjwa hapana wekwa chini mupaka afike," Baluku alisema kwa utulivu. "Mutu wa kuwekwa chini ni maiti."

"Hapo si chini. Hapo ni ndani ya gari."

"Gari iko wapi? Iko juu ya udongo."

"Itaanguka, shemeji! Uzito wote uko juu!"

"Sisi hatujaangusha mutu. Babu zetu hawajaangusha mutu."

Ilikuwa kweli. Hawakuwa wajinga, na mtu asiwaambie hivyo mbele yangu. Walikuwa wamembeba mke wangu kwenye njia za utelezi ambazo mbuzi anazifikiria mara mbili. Mabega yao yalikuwa springi bora kuliko zile za Hajji, na kwa kumshika juu walikuwa wanamwepusha na kila shimo. Kosa lao lilikuwa moja tu, kwamba hawakuwa wamewahi kubebwa huku wamebeba. Hajji alikuwa ameinyanyua pikapu, wao wakainyanyua tena. Nilikumbuka lile debe nikahisi maji yananishuka mgongoni.

Tukaondoka hivyo hivyo, maana kubishana nako kulikuwa kunakula muda wa Biira. Mimi sikukaa ndani. Nilisimama kwenye ubao wa kukanyagia, upande wa mlima, nimeshika dirisha, nimejitupa nje kadiri nilivyoweza, kana kwamba uzani wangu mdogo ungeizuia pikapu. Nilikuwa natazama gurudumu la nyuma la upande wangu. Kila tulipoingia kwenye kona nililiona likitaka kuachana na udongo, na juu yake nikiona kipoi kikienda upande mmoja polepole, kisha kikirudi. Hajji alikuwa anaendesha kwa uangalifu sana na midomo yake ilikuwa inasoma dua. Mimi ni Mkristo, lakini siku ile nilisema amina kila alipovuta pumzi.

Kabla ya kufika Kinyamaseke barabara ilipita ubavuni mwa kilima. Tangu tulipopita tukienda Bwera, mvua ilikuwa imekula ukingo wa nje, na barabara yote ikawa imeinama kuelekea bondeni. Kwa pikapu ya kawaida pale ni mahali pa kupunguza mwendo na kuendelea kuzungumza. Tulipofika Hajji alisimamisha gari, akaniangalia, mimi nikamwangalia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twende.

Aliyesema ni Biira. Alisema kwa Kikonzo, nami nawapeni kwa Kiswahili.

"Bwambale, gari hili linalala. Nimelisikia kwa mgongo tangu tulipoondoka. Kutoka hapa naona bonde lote mpaka chini. Nitoeni."

"Dada, tuvumilie kidogo," Baluku alianza kumwambia.

"Sikusema mniweke chini. Nimesema mnitoe. Mna miguu."

Wakatoka naye vile vile walivyoingia, kipoi mabegani, wakaanza kutembea kwa kushikilia upande wa mlima, miguu ikichimba udongo. Nilitembea nyuma yao nikiwa nimenyoosha mikono kama mtu anayefukuza kuku, sijui nilitaka kudaka nini. Walipita. Walipofika mahali pa sawa, Hajji akaingiza gia na kuja na gari tupu.

Alikuja polepole kuliko mtu anayetembea. Gurudumu la nyuma la bondeni lilishuka kwenye udongo laini, si sana, upana wa kiganja labda. Pikapu ikainama, ikasimama pale imeinama, kwa muda wa kutosha mimi kufikiri kwamba imekataa kuanguka. Kisha ikajilaza kwa ubavu, taratibu kama ng'ombe aliyechoka, ikatulia kwenye kichaka cha ukingoni. Magurudumu ya juu yakaendelea kuzunguka hewani.

Hakuna aliyecheka. Hajji alitokeza kupitia mlango uliokuwa sasa umekuwa juu, kofia bado kichwani, akakaa pale akitazama kipoi. Wabebaji nao walikuwa wamegeuka wanatazama gari. Nilihesabu kichwani mahali ambapo kila mmoja wao angekuwa, na mahali ambapo kipoi kingekuwa, nikatapika kando ya barabara. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na nilitapika mbele ya shemeji zangu.

"Enda na yeye," Hajji aliwaambia wabebaji. "Enda tu! Musingoje hii chuma. Tutawafikia."

Wakaenda mbio na Biira. Sauti yake ya uchungu niliisikia mpaka walipozunguka kona, na kutoisikia kukawa kubaya zaidi. Miguu yangu ilitaka kumfuata. Lakini kutoka pale mpaka Kilembe hakuna mabega yanayoweza kufika kwa wakati, na niliyeijua pikapu ile kwa mikono nilikuwa mimi. Nikabaki.

Watu waliokuwa mashambani walikuja na miti na kamba, hakuna aliyeitwa, wakatupa majembe yao tu wakaja. Tuliisimamisha kwa kuisukuma na kuivuta. Hajji akakimbilia usukani awashe. Nikamshika mkono.

"Bado, Hajji!"

"Biira iko mbele, fundi! Ngoja ya nini?"

"Oili imeingia juu ya pistoni. Ukiwasha sasa utavunja injini, na hapo ndipo hatufiki kabisa."

Hili mlijue, vijana, hata magari yenu ya siku hizi hayajalisahau. Gari lililolala ubavu haliwashwi likisimama tu. Nilitoa plagi zote, nikazungusha injini kwa handeli mpaka oili ikaruka nje, nikazipangusa kwa shati langu, nikazirudisha. Plagi moja ikataka kuingia kombo. Nikaitoa, nikapumua, nikaanza upya. Hajji alikuwa amegeuka kutazama milima ili asinihimize, na hilo nitamshukuru mpaka nife. Injini ilikohoa moshi mweupe ikashika.

Tuliwakuta uwanda umeshaanza, karibu na mto. Walikuwa wamepokezana na vijana wa Kinyamaseke, lakini Baluku hakuwa amempa mtu bega lake. Biira alikuwa amenyamaza sana. Nilipomwita aliitika kwa mkono. Nikamwambia Baluku kwamba sasa sitamruhusu mtu yeyote asimame ndani ya gari hili, desturi au si desturi, na kama ni kupigana tupigane. Yeye akasema mugonjwa hawekwi chini. Tulikuwa tumekaribiana pua kwa pua, matope mpaka machoni, na mimi nikilia bila kujijua.

"Nipakateni," Biira alisema.

Tukamgeukia.

"Kaeni ninyi chini, mnipakate. Mtoto anayepakatwa hajawekwa chini."

Baluku alifikiri. Nilimwona anatafuta kosa katika maneno yale na halipati. Akapanda, akaketi kwenye sakafu amenyoosha miguu, na wenzake wakakaa wakiangaliana, miguu imepishana, na kipoi kikalala juu ya mapaja yao. Uzito wote ule ulishuka kutoka angani mpaka sakafuni, na springi za yule fundi wa ng'ambo zilikuwa na mapaja ya wanaume juu yake ya kuzilainisha. Tulipoondoka niliona tofauti kwenye gurudumu mara ile ile. Pikapu ilitulia.

Mto ulikuwa umejaa kuliko tulipouvuka asubuhi, maji ya rangi ya udongo yakienda kwa kelele. Nililegeza mkanda wa feni nikautoa, kwa sababu feni ikizunguka ndani ya maji inayatupa juu ya nyaya za moto. Nikafunika distributa, ile inayogawia plagi moto, kwa kitambaa chenye grisi. Nikamwambia Hajji aingie kwa gia ya kwanza, asipunguze, asiongeze. Maji yalipanda mpaka kwenye ubao niliosimama. Kwa pikapu iliyokuwa na kimo chake cha zamani, maji yale yangekuwa ndani ya injini na sisi tungekuwa katikati ya mto na mwanamke anayekufa. Naliona hilo wazi na ninalisema. Kimo kile kilichotaka kuniulia mke kilimani ndicho kilichomvusha mtoni.

Basi jibu langu ni hili, na msiseme babu amekwepa. Mtu anayeishi ndani ya mto na anyanyue gari lake. Anayeishi barabarani, anayebeba mama zake na mizigo yao na kupita kwenye kona, ataishi na kimo hicho siku zote ili kimsaidie siku chache. Ukilazimika, linyanyue kidogo tu, kwa springi zilizopindwa upya na mtu wa moto na nyundo, usiweke mbao. Angalia paipu za breki na pembe ya shafti. Weka mzigo mzito chini, na watu waketi. Hajji mwenyewe aliirudisha pikapu gereji kabla mwezi haujaisha, akakaa kwenye benchi huku tunachomoa vile vipande. Mzee Ramadhani alivitia kwenye moto akachemshia chai, akampa Hajji kikombe cha kwanza.

Lakini siku ile bado tulikuwa navyo. Tulipita Kasese bila kusimama, tukapanda bonde la Kilembe na muungurumo wa shafti ukiwa umegeuka kilio. Hospitalini sakafu ya pikapu ikawa tena usawa wa mabega, wakamtoa bila kumtikisa, wakaingia naye mpaka mlango ambao wanaume hawapiti. Hapo ndipo walipomkabidhi. Mlango ukafungwa.

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mimi, Hajji na wabebaji wote, maana wa kilima kile hawaondoki mpaka wasikie jibu. Matope yalikuwa yanakauka juu yetu na kudondoka sakafuni, na mfagiaji alipita akatutazama akaamua kurudi baadaye. Hajji alikuwa na tasbihi, mimi nilikuwa na nati moja iliyobaki mfukoni, nikawa naizungusha kwenye kidole na kujiuliza ilitoka wapi. Niliwaza kwamba nimeisahau mahali fulani kwenye gari. Niliwaza kwamba nimechelewesha kwa plagi zile. Niliwaza nitamwambia nini mama yake Biira. Kutoka ndani hakukuwa na sauti yoyote, kisha kukawa na miguu ya watu wanaokimbia, kisha kimya tena.

Mlango ulifunguliwa, sista akatoka, mikono yake bado imelowa.

"Mume wa Biira ni nani?"

Wabebaji wote wakasimama kwa pamoja.

Sista akawatazama kutoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho. "Ninyi wote?"

"Sisi wote tumemuleta," Baluku alisema. "Sema tu, sista. Tuko tayari."

"Mimi namtaka baba wa mtoto. Mtoto anapiga kelele huko ndani na mama yake anaulizia kama gari limefika salama."

Nilitaka kusimama. Nawaambieni kweli, miguu ilikataa. Niliiamuru kama Mzee Ramadhani, ikakataa. Baluku aligeuka akaniona nilivyo, akawapa wenzake ishara ya kichwa, nao wakanishika huku na huku, makwapani na chini ya magoti, wakanipandisha mabegani kama walivyozoea, wakapita nami kwenye mlango ule usiopitwa na wanaume kabla sista hajapata neno la kuwazuia.

Biira alikuwa amelala, uso umechoka, na kifuani kwake kulikuwa na kitu kidogo chekundu chenye hasira. Alinitazama nilivyokuwa huko juu, karibu na dari.

"Na huyu," aliwauliza kaka zake, "naye anaumwa nini?"